Meli Ndogo na Meli Kongwe: Mambo Mawili Tunayoyachanganya

Chukua 248,663 ugawanye kwa 5,610. Unapata 44 na ushei. Sasa chukua 30,277 ugawanye kwa 684. Unapata 44 na ushei vilevile.

Hesabu ya kwanza ni ya Icon of the Seas, meli ya kitalii ya Royal Caribbean iliyojengwa Turku, Ufini, ikaanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024. Ina urefu wa mita 365 na sitaha 20. Ya pili ni ya Nautica, meli ya kampuni ya Oceania iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, mwaka 2000. Urefu wake ni mita 181, na watu wa Mombasa wameiona bandarini Kilindini kwa macho yao. Namba kubwa ni tani za ujazo wa meli. Namba ndogo ni abiria wakilala wawili wawili chumbani. Kwa kipimo hiki, ambacho wauzaji wa safari hukitumia kusema meli ina nafasi au imebanana, jitu lile na mdogo wake wanatoshana.

Hesabu hii niliipiga nyuma ya risiti ya supamaketi, mezani kwa shangazi yangu huko Buruburu. Amefundisha shule za msingi za Nairobi miaka 34, akastaafu, na sehemu ya akiba yake ya SACCO ameitenga kwa jambo moja: kulala baharini. Wakala wa usafiri katikati ya jiji alikuwa amempa vijitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha meli mpya yenye mabomba ya rangi rangi ya kutelezea majini, kingine cha meli nyeupe ya miaka ya tisini yenye viti vya mbao sitahani. Binti yake alimshauri achukue ile kubwa kwa kuwa ni mpya. Mimi nilikuwa upande wa ndogo, na nilikuwa nimemwambia kwamba ndogo ina nafasi zaidi. Hesabu yangu mwenyewe ikanisuta.

Shangazi aliitazama ile risiti, akaniuliza, "Sasa mwanangu, kama nafasi ni ile ile, wewe unang'ang'ania hii ya zamani kwa nini?"

Nilimwomba anipe wiki moja nimletee jibu.

Tani isiyopimwa kwa mizani

Tani hizi hazihusiani na uzito. Hupima ujazo, yaani nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli, kuanzia chumba cha injini hadi kabati la vikombe. Utaratibu wake unatokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969. Kabla ya hapo tani moja ya ujazo ilikuwa futi za ujazo 100. Siku hizi mita za ujazo za meli huzidishwa kwa kizidisho ambacho chenyewe hukua kadiri meli inavyokua. Kwa hiyo meli kubwa hupata tani nyingi kidogo kwa kila mita ya ujazo kuliko meli ndogo. Ukiirudisha hesabu kinyumenyume, Icon ina mita za ujazo kama 139 kwa kila abiria, na Nautica kama 147. Pengo ni mita za ujazo nane, kiasi cha stoo ya nyumbani. Ndogo inashinda, lakini hakuna atakayeuhisi ushindi huo akitembea kwenye ujia.

Siri kubwa zaidi imo kwenye ile namba ya abiria. 5,610 ni hesabu ya watu wawili kwa kila chumba. Vyumba vingi vya meli za aina hii vina vitanda vya ziada kwa ajili ya watoto, na Icon ikijaa hadi kitanda cha mwisho hubeba watu 7,600. Gawanya tena: 44 inashuka hadi 33. Hayo hutokea wakati wa likizo za shule, wakati ule ule ambao mzazi mwenye watoto anapata nafasi ya kusafiri. Anayetaka kujua atabanana kiasi gani aulize tani, kisha aulize pia safari ni ya mwezi gani.

Hata 44 ikibaki 44, kuna suala la nafasi hiyo imetumiwaje. Kwenye Icon imemezwa na mabwawa saba ya kuogelea, mabomba sita ya kutelezea, uwanja wa barafu, bustani ya miti iliyo wazi juu, kumbi za maonyesho na mikahawa kwa makumi. Kwenye meli ya rika la Nautica imeingia kwenye maktaba, sebule, chumba kimoja kikubwa cha kulia na bwawa moja dogo. Fikiria jengo la maduka la Two Rivers na nyumba ya vyumba vitatu. Ukigawa eneo kwa vichwa vya watu huenda vikakaribiana, lakini hakuna anayeketi Two Rivers akajiona yuko sebuleni kwake.

Mlango haugawanyiki

Pale ambapo meli hizi mbili zinaachana kabisa ni kwenye foleni. Nafasi unaweza kuigawa kwa watu, ila mlango ni mlango. Anayeijua Nairobi saa kumi na moja jioni pale kituo cha matatu cha Odeon hahitaji mhadhara: mji ule ule uliopitika saa nane unakwama kwa sababu watu wote wametaka kwenda nyumbani kwa wakati mmoja. Meli nayo ina nyakati zake za Odeon. Kuna kifungua kinywa, kuna kumalizika kwa maonyesho ya usiku, na kuna asubuhi ya kufika bandarini, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Tuseme mtu mmoja anapita kwenye daraja la kushukia kila sekunde mbili, na hakuna anayesimama kutafuta kadi yake. Watu 684 wakitumia daraja moja watakwisha kwa dakika 23. Watu 5,610 wakitumia madaraja mawili watahitaji zaidi ya saa moja na nusu. Mahali ambapo meli haiwezi kufunga gatini, hutia nanga nje na kushusha watu kwa mashua. Mashua ya watu 100 itakwenda mara saba kwa meli ndogo, na mara 57 kwa kubwa.

Miaka michache iliyopita mimi na mke wangu tulipanda meli kubwa katika Bahari ya Mediterania. Kampuni sitaitaja; chakula chake kilikuwa kizuri na wahudumu walituheshimu. Lakini katika bandari moja tulikaa ukumbini tumebandikwa namba kifuani, tukisubiri kundi letu liitwe, tangu saa mbili asubuhi hadi saa nne na robo. Saa tisa alasiri tulitakiwa tuwe tumerudi melini, na mji wenyewe ulikuwa mwendo wa basi wa saa moja na nusu. Tuliona barabara. Mke wangu alinunua kadi ya posta pale pale bandarini, awe angalau na picha ya mji ule. Tangu siku hiyo nikiambiwa meli "inafika" mahali fulani, huuliza abiria anapata saa ngapi za kukanyaga ardhi.

Na kuna milango ambayo meli kubwa haiingii hata ikisubiri. Tangu tarehe 1 Agosti 2021, Italia imezizuia meli zinazozidi tani 25,000, au urefu wa mita 180, au kimo cha mita 35, zisipite mfereji wa Giudecca katikati ya Venice. Amri hiyo ilikuja miaka miwili baada ya meli ya kitalii MSC Opera kugonga gati na mashua ya watalii mle mle mferejini, Juni 2019. Iangalie Nautica: tani 30,277, mita 181. Nayo imefungiwa nje, kwa urefu imezidi mita moja tu. Huko Ugiriki, Mfereji wa Corinth una upana wa kama mita 24 kati ya kuta mbili za mwamba. Oktoba 2019 Braemar ya kampuni ya Fred. Olsen, yenye upana wa mita 22.5, ilipenya humo, ikawa meli ndefu kuliko zote zilizowahi kupita. Kule Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja, na zile ndogo hazishushi zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja. Hapo tena Nautica yetu iko nje. Kwa hiyo mtu akikwambia meli ni ndogo, muulize ni ndogo kwa mlango upi.

Hapa kwetu Kilindini kina cha maji si tatizo, kwani meli kubwa za makontena huingia kila siku. Kikomo kiko nchi kavu. Gari la safari hubeba watu kama saba. Abiria wote wa Nautica wakitaka kwenda Tsavo Mashariki siku moja watahitaji magari 98, kazi ambayo madereva wa Mombasa wataifanya wakiimba. Abiria wa Icon wangehitaji magari 802. Wapeleke Fort Jesus badala yake, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, halafu uwaingize kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, na utakuwa umewafukuza wenyeji vibarazani mwao kwa siku nzima.

Pwani yetu imewahi kuwa na meli ya kiasi chake. Watu wazima wa Mombasa wanaikumbuka Royal Star, iliyojengwa Italia mwaka 1956 kwa jina la San Giorgio, ambayo miaka ya tisini Kilindini ndipo palikuwa nyumbani kwake, ikizunguka visiwa vya Bahari Hindi. Baadaye wakaja maharamia. Aprili 2009 MSC Melody ilishambuliwa ikiwa karibu na Shelisheli, na kwa miaka kadhaa kampuni za meli za kitalii zikaiogopa bahari yetu. Zinarudi sasa, msimu wa kaskazi, bahari inapotulia.

Kwa nini ndogo ni za zamani

Hapa ndipo penye fundo. Udogo ni sifa moja na uzee ni sifa nyingine. Meli inaweza kuwa ndogo na mpya, au kubwa na ya zamani. Lakini kwa mtu wa mshahara au pensheni ya kawaida sifa hizi mbili zimefungwa pamoja, na aliyezifunga ni mhasibu.

Mwaka 1988 Sovereign of the Seas, yenye tani kama 73,000, iliitwa jitu. Mwaka 1996 Carnival Destiny ikavuka 100,000. Mwaka 2009 Oasis of the Seas ikavuka 225,000. Mbio hizi zina sababu. Meli ya abiria 700 inahitaji nahodha, mhandisi mkuu, daktari na rada, sawa na ya abiria 5,000. Gharama hizo zikigawanywa kwa watu wengi, nauli inashuka. Kisha abiria akishaingia ananunua vinywaji, matembezi, intaneti, chakula cha mikahawa ya kulipia, anacheza kasino. Kwa kampuni kubwa karibu theluthi moja ya mapato hutoka humo. Kadiri meli inavyokuwa na maduka mengi ndivyo mkono unavyozidi kuingia mfukoni. Ndiyo maana nauli ya meli kubwa huonekana rahisi kwenye kijitabu. Ni kama tikiti ya kuingia sokoni.

Viwanda vinavyoweza kujenga meli hizi navyo ni vichache: Fincantieri ya Italia, karakana za Meyer za Ujerumani na Ufini, na Chantiers de l'Atlantique kule Saint-Nazaire. Zamu za ujenzi huwekewa oda miaka mingi kabla. Kampuni iliyopata zamu haitaitumia kujenga meli ya tani 40,000 ya watu wa kipato cha kati, ilhali mahali hapo hapo ingepata ya 200,000. Meli ndogo zinazojengwa sasa karibu zote ni za matajiri, au zile zenye mwili ulioimarishwa za kwenda kwenye barafu, ambazo nauli yake ya siku kumi inaweza kununua gari hapa Nairobi.

Anayetaka meli ya kiasi kwa bei ya kiasi amebakiwa na kizazi kimoja, kile kilichojengwa kati ya mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa karne hii, kabla mbio hazijapamba moto. Balmoral ya 1988, Borealis ya 1997 na Bolette ya 2000 zote ziko kwa Fred. Olsen. Ambience ya 1991 iko kwa Ambassador. Celestyal Journey ya 1994 hutumia Ugiriki kama kituo chake. Karibu zote zilizaliwa kwa majina mengine, katika kampuni kubwa ambazo leo hazitaki tena meli za kimo hicho.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha zile pacha nane. Kati ya 1998 na 2001 kampuni ya Renaissance ilijengewa Saint-Nazaire meli nane zinazofanana, zikapewa majina ya namba, kuanzia R One hadi R Eight. Septemba 2001, wiki mbili baada ya mashambulizi ya New York, kampuni ikaanguka na meli zikabaki zimefungwa kamba. Ungedhani zingeishia kuwa chuma chakavu. Leo zote nane bado zinabeba abiria, nne kwa Oceania na nne kwa Azamara, kwa sababu hakuna aliyejenga nyingine za kuziba nafasi yake. R Five ndiyo Nautica.

Kizazi hiki kinapungua, na hakuna kinachokuja nyuma yake. Ugonjwa wa korona ulikata wengi, hata wakongwe waliokitangulia. Marco Polo, iliyojengwa mwaka 1965, ilivunjwa Alang, India, mwaka 2021. Astoria ilishushwa majini huko Uswidi mwaka 1946 kwa jina la Stockholm. Ndiyo iliyogongana na meli ya abiria ya Italia, Andrea Doria, mwezi Julai 1956. Ilisimama mwaka 2020, na mwaka 2025 ikavutwa hadi Ubelgiji kuvunjwa. Nilipoiona picha yake ya mwisho ikiburutwa na tagi, ile boti ya kuvuta meli, nilisikitika kama mtu aliyefiwa na jirani.

Kongwe au kuukuu

Kiswahili kinatusaidia hapa. Nguo iliyochakaa ni kuukuu. Chama au shule iliyodumu kwa heshima ni kongwe. Meli ya miaka 28 inaweza kuwa lolote kati ya haya mawili, na rangi mpya haikuambii ni lipi.

Sitamficha msomaji hatari. Oceanos, iliyoshushwa majini mwaka 1952, ilizama pwani ya Afrika Kusini Agosti 1991 baada ya maji kuingia kwa chini. Watu wote 571 waliokolewa, lakini nahodha aliondoka abiria wangali melini, na kazi ya kuita msaada na kuwapanga watu ikafanywa na watumbuizaji. Meli za enzi hizo zilijaa mbao na vitambaa vinavyowaka. Mkataba wa usalama wa baharini uliwapa wenye meli hadi Oktoba 2010 kuviondoa, na nyingi zilipelekwa kuvunjwa kwa sababu gharama ya kuzibadilisha ilizidi thamani yake. Kwa hiyo meli ya zamani unayoiona kwenye kijitabu leo si ya kundi la Oceanos. Imeshapita chujio hilo.

Kuna chujio la pili ambalo haijapita, na hili lazima lisemwe. Meli za abiria zenye urefu wa mita 120 au zaidi zilizoanza kujengwa tangu Julai 2010 zinatakiwa ziweze kujirudisha bandarini kwa nguvu zake hata sehemu moja ikiungua. Za kabla ya hapo hazibanwi na sharti hilo. Februari 2013 Carnival Triumph, ya mwaka 1999 na tani zaidi ya 101,000, iliwaka moto chumba cha injini, ikaelea Ghuba ya Meksiko bila umeme wala vyoo vya kutosha ikiwa na watu zaidi ya 4,000, mpaka ikavutwa hadi bandarini. Ilikuwa meli kubwa, na ilikuwa ya zamani kwa sheria hii. Kwa upande mwingine Costa Concordia ilikuwa haijafikisha hata miaka sita ilipogonga mwamba wa kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 na kuua watu 32. Nahodha aliisogeza mno ufukweni. Mimi nikipima haya, hatari ya uzee naiona ni ya kweli ila inaweza kuchunguzwa kabla ya kulipa, na ya idadi ya watu huonekana siku mashua za uokoaji zinapohitajika. Sheria inataka mashua zote ziwe zimeshushwa ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuihama meli, watu wakiwa wameshakusanyika. Kukusanya watu 7,000 na zaidi, watoto na wazee, gizani, ni kazi ambayo sipendi kuifikiria kwa muda mrefu.

Shangazi aliniuliza pia kuhusu mrama. Wengi tunaposema jambo limekwenda mrama tumesahau kwamba neno lenyewe ni la baharini: ni ile hali ya chombo kuyumba huku na huku. Katika hili meli kubwa inashinda kwa haki. Urefu wake unalalia mawimbi kadhaa kwa pamoja. Meli ndogo ina mapezi ya chuma ubavuni yanayopunguza kuyumba, lakini bahari ikichafuka utaisikia. Dawa ni kuchukua chumba cha katikati, sitaha ya chini, mbali na omo mbele na mbali na tezi nyuma, na kusafiri msimu uliotulia. Katika bahari yetu usisafiri Julai kusi linapovuma.

Kuna jambo moja ambalo mpenzi wa meli ndogo kama mimi hapendi kuulizwa, nalo ni moshi. Injini ya miaka ya tisini inayosukuma abiria 700 kwa kawaida huchoma mafuta mengi kwa kila kichwa kuliko meli kubwa mpya. Tangu Januari 2020 kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kimeshushwa duniani kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na hiyo imesaidia mapafu ya watu wa bandarini bila kupunguza kaboni. Icon hutumia gesi asilia ya kimiminika, ambayo nayo huvujisha methani bila kuungua yote. Anayechagua meli ya zamani kwa kuamini anaitunza dunia amekosea. Nami bado nazichagua, nikijua hilo.

Upande wa pesa, Mnairobi ana gharama ambazo kijitabu hakizitaji. Meli nyingi za kizazi hiki huanzia Uingereza au Ugiriki. Kuna nauli ya ndege, kuna viza. Meli ikitoka Ugiriki ikagusa Uturuki na kurudi, viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, vinginevyo hutaruhusiwa kupanda. Misimu ya hivi karibuni kampuni ya Celestyal imekuwa ikileta meli Ghuba ya Uarabuni wakati wa baridi ya Ulaya, na huko ni karibu zaidi nasi. Hesabu ya kweli ni nauli, bakshishi, vinywaji, ndege na viza kwa pamoja, zigawanywe kwa siku. Shangazi alipofanya hivyo, ile meli kubwa ya bei rahisi na ile nyeupe zilitofautiana kwa kiasi kidogo kuliko alivyotarajia.

Kuhusu kuitambua kongwe na kuukuu, kuna namba moja ya kuishika. Kila meli ya abiria ya safari za kimataifa ina namba ya IMO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata jina, bendera na mwenyewe vikibadilika. Jina linaweza kukudanganya. Namba hiyo itakupeleka kwenye mwaka wa kujengwa na kwenye ripoti za wakaguzi wa bandari walioizuia, kama waliizuia. Meli zinazogusa Marekani hukaguliwa usafi na kupewa alama kati ya 100, na inayopata 85 au chini ya hapo imeanguka. Hayo yote yanasomeka kwenye simu ukiwa ndani ya matatu. Chunga sana neno "imekarabatiwa", kwani mwaka wa ukarabati huandikwa kwa herufi kubwa na mwaka wa kuzaliwa hufichwa nyuma, karibu na masharti.

Nilimpelekea shangazi haya yote Jumapili. Alisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, kama alivyozoea, akapigia mstari mambo mawili. Jumatatu tulikwenda pamoja kwa wakala.

"Kijana, hii nyeupe ilijengwa mwaka gani?"

"2018, mwalimu."

"Huo ni mwaka walioipaka rangi. Nakuuliza ilipozaliwa."

Yule kijana akatafuta kwenye kompyuta. "1997."

Shangazi akaandika kwenye daftari lake. "Na ile sitaha ya tatu yenye viti vya mbao. Mtu anaweza kuizunguka yote, omo hadi tezi na kurudi, bila kupanda ngazi? Nina goti."

Kijana akasema hajui, akainua simu kuwauliza wenye meli, na shangazi akavuta kiti akakaa kumngoja.